Redio ya upepo kwenye pikapu: ikigoma, anza kutafuta hapa

Gari likiletwa kwangu na redio isiyofanya kazi, mara nyingi dereva ameshaambiwa na mtu kwamba redio imekufa. Ameshashauriwa anunue nyingine. Wapo walionunua kweli, wakaifunga kwa waya ule ule na antena ile ile, na ugonjwa ukabaki pale pale. Katika kazi hii ya kufunga redio za upepo, ambazo wengine huziita redio koli, kwenye Land Cruiser na Hilux za watu wa utalii na wakandarasi hapa Arusha, sanduku lenyewe la redio ndilo kitu cha mwisho ninachokishuku. Kabla yake kuna waya wa umeme, ethi (yaani muungano na bati la bodi ya gari), kebo ya antena, konekta, na bati la gari. Vyote hivyo vimefungwa kwa mikono ya mtu, na barabara za rasta huvitikisa kila siku.

Ninayozungumzia hapa ni redio ya VHF ya kufungwa garini, ya wati 25 hadi 50, inayofanya kazi kati ya megahezi 136 na 174. Malalamiko nimeyaandika kama madereva wanavyoyasema.

Vifaa si vingi. Multimita ya kawaida, msasa, brashi ya waya, kisu kikali, na mita ya SWR, yaani ile inayoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi kwenye redio badala ya kutoka kwenye antena. Hakikisha mita hiyo ni ya VHF. Zile za redio za CB zimetengenezwa kwa megahezi 27 na hapa zitakudanganya. Ukiweza, pata na mzigo wa majaribio wa ohmu 50. Ni kopo dogo unalolichomeka mahali pa antena, linameza nguvu yote bila kuirusha hewani. Kifaa hicho kimoja kitakuonyesha ugonjwa uko upande gani. Redio ikitoa wati zake zote kwenye mzigo wa majaribio, redio ni nzima, na unayemtafuta yuko kati ya konekta ya nyuma ya redio na ncha ya antena.

Jambo moja kabla ya kugusa chochote: usibonyeze maiki antena ikiwa haijaunganishwa. Nguvu isiyo na pa kwenda inarudi ndani na inaweza kuunguza transista za mwisho, zile zinazosukuma nguvu kwenda kwenye antena. Hapo utakuwa umetengeneza ubovu ambao haukuwepo. Na masafa unayojaribia yawe yale uliyopewa kibali na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya hapa Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kama uko huko. Usichukue masafa yoyote uliyoyakuta kimya, maana huenda ni ya ambulansi au ya askari wa hifadhi wanaosubiri mwenzao aite.

"Haiwaki kabisa"

Huu ndio ugonjwa rahisi kuliko yote. Chomoa plagi ya umeme nyuma ya redio na upime pale pale kwenye plagi. Ukiona volti 12 na ushee, umeme unafika, na tatizo liko kwenye plagi yenyewe, kwenye swichi au ndani ya redio. Usipoona kitu, rudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye betri. Fyuzi ipime kwa mita, usiiangalie kwa macho tu. Nimekutana na fyuzi zilizokatika chini ya kofia ya plastiki mahali pasipoonekana, na nyingine ambazo ni nzima lakini miguu yake imeshika kutu kwenye kishikio.

Fyuzi ikiwa imeungua, usiweke kubwa zaidi ili "ivumilie". Tafuta shoti. Ipo mara nyingi pale waya unapopita kwenye ukuta wa bati kati ya injini na kebini. Fundi ametoboa tundu, akapitisha waya bila kuweka raba, na makali ya bati yamekula ngozi ya waya taratibu kwa miezi. Ndiyo maana fyuzi inatakiwa iwe kwenye betri, ndani ya sentimita 15 au 20 kutoka kichwa cha betri. Fyuzi iliyo karibu na redio inailinda redio peke yake. Waya ukigusa bati ndani ya boneti, sehemu yote kutoka betri hadi hapo haina mlinzi, na gari linaweza kuwaka moto.

Sababu nyingine ya fyuzi kuungua papo hapo ni chanya na hasi kugeuzwa. Redio nyingi zina dayodi ya ulinzi ambayo kazi yake ni kuunguza fyuzi kabla umeme uliogeuka haujaingia ndani. Ukishaona fyuzi imeungua mara ya kwanza, geuza waya, weka fyuzi mpya ya ukubwa ule ule, na mara nyingi redio itaamka. Waliobandika kipande cha waya mahali pa fyuzi ndio wanaoleta redio zilizoungua kweli.

Pima volti za gari kabla ya kufunga, hata kama una uhakika. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zina betri mbili, na betri mbili zinaweza kuwa zimeungwa sambamba kwa volti 12 au kwa kufuatana kwa volti 24. Canter na Fuso nyingi ni za volti 24. Redio ya volti 12 ukiipa 24 utaipoteza. Wapo wanaokwepa kwa kuchukua umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili. Redio itafanya kazi vizuri, lakini betri hiyo itakuwa inanyonywa peke yake, chaja inajaza zote mbili kama kitu kimoja, na baada ya muda moja ina njaa na nyingine imeshiba kupita kiasi. Zote mbili zitakufa mapema. Nunua kipunguza volti cha 24 kwenda 12 chenye uwezo wa ampea zinazotakiwa.

"Inawaka vizuri, nikibonyeza maiki inazima"

Au haizimi, ila taa yake inafifia, au sauti yako inasikika imekatika katika. Yote ni ugonjwa mmoja: redio ina njaa ya umeme.

Redio ikiwa inasikiliza tu, inatumia chini ya ampea 1. Ukibonyeza maiki, ya wati 50 inavuta ampea 12 hivi kwa mkupuo. Waya mwembamba unaoonekana hauna tatizo wakati wa kusikiliza unaanza kula volti zako wakati wa kuongea. Hesabu yake ni hii. Kutoka betri hadi redio ni mita 4, na kurudi mita 4, jumla 8. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 na mkondo wa ampea 12, utapoteza zaidi kidogo ya volti 1 njiani. Kwa waya wa milimita za mraba 4 utapoteza kama volti 0.4. Redio nyingi zimetengenezwa kwa volti 13.6 au 13.8, na zikifikia 11 na ushee zinaanza kusumbua. Betri ikiwa imepumzika ina 12.6. Toa volti 1 ya waya, toa nusu volti ya fyuzi yenye kutu na kiungo kilichosokotwa kwa mkono, na tayari redio imezima.

Kinachowachanganya watu ni kwamba wakipima wanaona volti 12.6 na wanasema umeme upo. Kipimo hicho kimechukuliwa wakati hakuna mkondo unaopita. Pima huku mwenzako amebonyeza maiki, na upime hivi: weka multimita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye kichwa cha chanya cha betri chenyewe, si kwenye kibanio, na nyingine kwenye waya wa chanya mahali unapoingia redioni. Mwambie abonyeze. Namba utakayoiona ndiyo volti zinazopotea njiani upande wa chanya. Kisha fanya hivyo hivyo upande wa hasi. Nikiona zaidi ya 0.3 kwa upande mmoja, nasogeza ncha hatua kwa hatua: baada ya fyuzi, baada ya kiungo, baada ya plagi. Mahali namba inaporuka ndipo penye ugonjwa. Kazi hiyo haichukui dakika tano na haihitaji kufungua kitu.

Upande wa hasi ndio unaosahaulika. Mtu ananunua waya mnene wa chanya, hasi anaifunga kwa skrubu ya dashibodi iliyoshika kipande cha bati kilichopakwa rangi, tena kipande ambacho chenyewe kimeshikwa na plastiki. Mkondo wote unaokwenda lazima urudi. Hasi peleka betrini kwa waya wa unene ule ule, au kwenye bolti pale ambapo ethi kubwa ya betri inashika bodi ya gari. Magari mapya yenye kipima mkondo kwenye kichwa cha hasi cha betri yanataka hiyo njia ya pili, ili umeme wa redio upite kwenye kipimo na kompyuta ya gari isipotoshwe.

Na usiiunge redio ya wati 50 kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Pale mguso ni springi moja ndogo ya kati na mabawa mawili ya pembeni, na kila ukipita rasta vinacheza. Kwa redio ya mkononi inayochajiwa, sawa. Kwa hii, hapana.

"Mimi nawasikia wote, mimi hawanisikii"

Hapa ndipo redio nyingi nzima zinapohukumiwa. Dereva anafikiri hivi: kama napokea, antena ni nzima, kwa hiyo mbovu ni redio. Sivyo. Kituo cha ofisini kina antena juu ya mnara, na ripita, yaani mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha tena, iko mlimani. Mawimbi yao yanakufikia na nguvu ya kutosha kiasi kwamba hata antena mbovu, hata kipande cha waya, kitayapokea. Njia ya kurudi ndiyo inayokupima wewe. Tena redio nyingi za sasa zikihisi nguvu inarudi kutoka kwenye antena, zinajipunguzia wati zenyewe ili zisiungue. Unaongea kwa wati 50 kwenye karatasi, na hewani zinatoka 5.

Chomeka mita ya SWR kati ya redio na kebo, ongea sekunde chache, soma. 1.5 au chini yake ni nzuri, maana kinachorudi ni kama asilimia 4. Kwenye 2 kinarudi kama asilimia 11, hapo bado utafanya kazi lakini kuna kitu hakijakaa sawa. Kwenye 3 inarudi robo ya nguvu, acha kuongea na uanze kutafuta.

Nitaeleza gari moja kwa kirefu kwa sababu lina karibu kila kosa. Lilikuwa Land Cruiser ya pikapu iliyokuwa ikifanya safari za Loliondo kwa kupitia Engaruka na Ziwa Natron. Dereva wake, mzee mmoja mwenye subira sana, alikuwa na redio ya pili tayari na bado ofisi ilikuwa ikimwambia "rudia, rudia" kila akivuka Mto wa Mbu. Niliweka mzigo wa majaribio: wati 45, hakuna tatizo. Nikarudisha antena: mita ikagonga zaidi ya 3. Antena ilifungwa kwenye keria juu ya kebini, imesimama wima, inapendeza. Nikaweka multimita, ncha moja kwenye kitako cha antena na nyingine kwenye bodi ya gari. Hakuna mguso kabisa. Keria ilikuwa imekalishwa juu ya raba ili isikwaruze paa, na bolti zake zilipita kwenye vikombe vya plastiki. Antena ilikuwa inaelea hewani bila ethi.

Hili watu wengi hawajaelezwa. Fimbo unayoiona ni nusu ya antena. Nusu ya pili ni bati lililo chini yake. Mawimbi yanahitaji bati hilo kusukumia, kama mtu anavyohitaji ardhi ngumu ili aruke. Kwa VHF, bati linalotakiwa ni kama nusu mita kila upande kuzunguka kitako, na paa la kebini ya pikapu linatosha kabisa.

Nilichofanya ni kukwangua rangi chini ya kishikio hadi bati likang'aa, kisha nikafunga mkanda wa shaba uliosukwa, mfupi na mpana, kutoka kwenye keria hadi kwenye bodi, pande zote mbili. Mita ikashuka hadi 1.9. Bado si nzuri. Nikafungua konekta ya PL-259 nyuma ya redio, na pale ndani palikuwa na unyoya mmoja wa wavu wa shaba unaozunguka kiini cha kebo, mwembamba kama ndevu ya paka, umelala karibu kabisa na pini ya kati. Wavu wenyewe ulikuwa umekunjwa tu na kubanwa na uzi wa konekta, haukulehemiwa. Gari likitikisika unagusa, likitulia unaachia. Nikakata sentimita 5 za kebo, nikaanza upya, nikalehemu kiini na wavu kwa risasi, kila kimoja mahali pake. Mita ikasoma 1.3. Mzee akaita ofisini akiwa bado amekaa uani kwangu, kisha akaniita siku ile ile jioni kutoka Engaruka.

Kwa hiyo utaratibu wa kutafuta ni huo: kwanza mguso wa kitako na bodi, pili konekta zote mbili, tatu kebo yenyewe, mwisho urefu wa fimbo. Kebo ipime ikiwa imechomolewa pande zote. Kiini hadi kiini kisome karibu sifuri ohmu, kiini na wavu visigusane. Usipime kebo ikiwa bado iko kwenye antena ukakimbilia kusema kuna shoti, maana antena nyingine zina koili kwenye kitako ambayo kwa multimita inaonekana kama shoti na ndivyo ilivyotengenezwa. Angalia pia kebo inapopita kwenye mlango. Ukiona SWR inabadilika mlango ukifungwa, kebo imebonyezwa hadi kiini kimesogea, na haitengenezeki; badilisha. Kebo nyembamba ya RG-58 inatosha kwa mita zako 4 au 5, ila ukiiacha mita 10 imeviringwa nyuma ya kiti "kwa ajili ya baadaye", unapoteza nguvu bure.

Urefu wa fimbo ya robo ya wimbi unaupata kwa kugawa 7125 kwa megahezi zako, jibu ni sentimita. Kwa megahezi 150 ni 47.5. Antena mpya nyingi hutoka kiwandani ndefu kwa makusudi ili ukate. Pima SWR kwenye masafa yako ya chini na ya juu. Ikiwa nzuri zaidi chini, fimbo ni ndefu. Kata milimita 2 au 3, pima tena, kata tena. Ikiwa nzuri zaidi juu, fimbo ni fupi. Nakuomba usiwe na haraka hapa, kwa sababu chuma kilichokatwa hakirudi. Na usianze kukata kabla ethi haijawa safi. Nimeona fimbo nzuri zimekatwa hadi kuwa vijiti na mtu aliyekuwa akitafuta tiba ya rangi iliyobaki chini ya kishikio.

"Nasikika nikielekea mjini, nikigeuza gari hapana"

Antena iko pembeni. Ukiifunga kwenye ngao ya mbele, kebini nzima iko nyuma yake kama ukuta, na mawimbi hayaendi sawa pande zote. Katikati ya paa la kebini ndipo mahali pake. Kishikio cha kutoboa kinataka tundu la milimita 19, rangi inakwanguliwa chini ya bati, upande wa ndani, na juu inabaki na rangi yake ili maji yasile. Najua watu wanaogopa kutoboa paa. Basi tumia ya sumaku, lakini futa vumbi chini yake kila wiki, maana linakwaruza rangi na kuinua kitako. Sumaku haishiki alumini wala faiba, na hapo watu hubandika kwa tepu. Fimbo itasimama, ila ile nusu ya chini haipo.

"Karibu nasikika, mbali hapana"

Kama SWR ni nzuri na wati zinatoka, acha kulaumu gari kwanza. VHF inakwenda kama mwanga, inataka kuonana. Ukiwa ndani ya Kreta ya Ngorongoro, umezungukwa na kingo zenye urefu wa mita 600 hivi. Bila ripita iliyo juu ya ukingo, hakuna antena ya gari itakayokufikisha Karatu. Kwenye njia zisizo na ripita kwa mamia ya kilomita, kinachotakiwa ni redio ya HF, ya megahezi za chini zinazofika mbali, ambayo antena yake na ethi yake ni kazi nyingine kabisa.

Kuna sababu mbili nyingine zinazofanana na udhaifu wa antena, na zote ziko kwenye programu. Ya kwanza ni toni. Ripita nyingi hazifunguki mpaka zisikie toni ndogo isiyosikika kwa sikio. Redio isiyo na toni hiyo itawasikia wote na haitafungua ripita hata ikiwa chini ya mnara. Dalili yake ni kwamba magari yaliyo karibu nawe kwenye chaneli ya moja kwa moja, isiyopitia ripita, yanakusikia vizuri. Ya pili ni upana wa chaneli. Redio moja ikiwekwa kilohezi 25 na nyingine 12.5, sauti inakuwa ndogo sana upande mmoja na inapasuka upande mwingine. Mpelekee aliyeiprogramu, usiguse antena.

"Inalia kama nyuki nikikanyaga mafuta"

Mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini ni wa alteneta. Unaingia kupitia waya wa umeme, na tiba yake mara nyingi ni ile ile niliyoisema juu: chanya na hasi zote moja kwa moja hadi kwenye betri. Redio iliyounganishwa kwenye waya wa redio ya muziki au nyuma ya swichi ya gari inakunywa kelele za kila kitu. Ukiwa umeshafanya hivyo na mlio upo, jaribu alteneta. Dayodi moja ikifa betri bado inaweza kuonekana inachajiwa, lakini umeme wake unatetemeka.

Mlio wa tak-tak-tak unaofuata mzunguko wa injini, kwenye gari la petroli, ni wa plagi za cheche za injini. Angalia kama plagi ni zile zenye herufi R kwenye namba yake, yaani zenye kizuizi cha ndani cha kupunguza kelele, na kama waya zake hazijachakaa. Dizeli haina cheche, kwa hiyo usipoteze muda huko.

Ila katika miaka ya karibuni kelele nyingi ninazozitibu hazitoki kwenye injini. Zinatoka kwenye chaja za simu za bei rahisi, kamera za dashibodi, na taa ndefu za LED za juu ya kebini. Kelele yake ni shhhh ya mfululizo, au wakati mwingine hakuna sauti yoyote, ila redio imekuwa kiziwi na inasikia vituo vya karibu tu. Zima injini, redio ibaki imewaka kwenye kituo hafifu, kisha chomoa na zima kimoja kimoja huku unasikiliza. Ukipata mhusika, mbadilishe au msogeze mbali na kebo ya antena. Pete za ferraiti kwenye waya wake husaidia, si mara zote. Antena iliyofungwa sentimita 20 kutoka kwenye taa ya LED haina msaada mwingine zaidi ya kuhama.

"Ilikuwa nzuri mpaka mvua iliponyesha"

Maji yameingia kwenye kebo. Wavu wa shaba unayanyonya kama utambi wa kibatari, na yanaweza kusafiri mita nzima ndani ya ngozi. Kata kebo karibu na antena uangalie. Shaba nzima ina rangi ya senti mpya; iliyoharibika ni nyeusi au ina unga wa kijani. Endelea kukata hadi ukutane na shaba safi, na kama huikuti, badilisha kebo yote. Kuikausha juani kunarudisha redio kwa wiki moja tu. Pwani, Tanga au Bagamoyo, chumvi ya hewani hufanya hivyo hata bila mvua, na vumbi la magadi la Natron nalo ni adui wa shaba.

Baada ya kufunga konekta ya nje, zungushia tepu ya raba inayojishika yenyewe, ukiivuta, kuanzia chini kwenda juu ili mikunjo ikae kama vigae vya paa, kisha juu yake tepu ya kawaida ya kuzuia jua. Kabla kebo haijaingia kebini, iache ishuke chini kidogo kisha ipande kuingia, ili maji yadondokee pale kwenye mkunjo badala ya kuifuata hadi nyuma ya dashibodi.

"Asubuhi gari haliwaki"

Redio imeachwa wazi usiku. Kusikiliza kunakula kidogo, tuseme ampea 0.4, lakini kwa siku tatu gari likiwa limesimama ni karibu ampea-saa 29, na betri ya ampea-saa 70 iliyozeeka haivumilii hapo. Usihamishe waya mkuu kwenda kwenye swichi ya gari. Weka rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, inayoamshwa na swichi ya gari, au tumia waya mdogo wa kuhisi swichi kama redio yako inao.

"Nikiongea, taa za dashibodi zinawaka ovyo"

Waipa zinajiendesha, injini ya kisasa inakohoa, au wenzako wanasema sauti yako inakoroma. Nguvu ya antena inarudi ndani ya gari kupitia ngozi ya kebo, na karibu kila mara SWR ni mbaya au ethi ya kitako imelegea. Tengeneza hapo kwanza. Kisha hamisha kebo ya antena mbali na kompyuta ya injini na mafungu ya waya, ivuke waya hizo kwa pembe ya mraba, isilale nazo sambamba. Wakati uko huko, hakikisha maiki na redio haviko mbele ya mfuko wa hewa wa usalama. Ukiingia kwenye machimbo penye kibao cha baruti, zima redio kabisa, usitegemee tu kutobonyeza. Kituo cha mafuta usiongee huku pampu inajaza.

Nikimaliza gari huwa natoka nalo. Naita ofisini kutoka uani, halafu Monduli, halafu Makuyuni, injini ikiwa imewaka na taa zote zimewashwa, kwa sababu ndivyo litakavyotumika. Kisha naandika kwenye kipande cha karatasi tarehe, volti za redio wakati wa kuongea, wati, na SWR, nakifunika kwa tepu angavu na kukibandika chini ya redio. Fundi atakayelifungua gari hilo miaka miwili baadaye, Wasso au Mwanza, atajua lilikuwa likisoma ngapi siku lilipokuwa zima.